Koo la Mtu Mwingine

Gatwekera, Kibera
Jumapili, 9 Februari 2025

Mulwa wangu,

Ni mimi susu yako Kaveke ninayesema, na anayeandika ni Filister, jirani wa mlango wa pili, yule wa kuuza omena. Unajua mimi sikukanyaga shule hata kwa kuota jua. Nimemwambia aandike nilivyosema, asinitengenezee. Amekubali, lakini ananiangalia kwa jicho baya.

Nimechoka na simu yako. Napiga, unachukua, halafu nasikia pumzi tu kama mtu anapuliza jiko. "Susu," unasema, kisha hakuna kitu. Na ujumbe wako wa simu ni mfupi kama kofi: "Niko poa susu." Poa gani? Nyongesa, huyu fundi anayejenga huko kwenu Kawangware na kulala huku, ameniambia alikupita sokoni umesimama juu ya rundo lako la mapazia, unapiga makofi. Makofi! Wewe ambaye ukiita wateja, watu wa mtaa wa Satellite wanafungua madirisha kuona kuna nini. Anasema anayeita sasa ni Wangoi, na mke wako huyo Mungu hakumpa sauti ya soko, alimpa ya kwaya.

Mimi najua ugonjwa wako. Ni kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kimeshuka. Mama yako, binti yangu, Mungu amlaze, alipatwa hivyo hivyo akiwa msichana. Tukampeleka kwa mzee mmoja Kitui, akakikata, na kesho yake akala muthokoi sahani mbili. Huyo mzee bado yuko, au mtoto wake yuko. Nitauliza.

Usinifiche kitu. Mpe Nyongesa jibu. Akirudi mikono mitupu hapati chai kwangu.

Susu yako,
Kaveke


Kawangware
16 Februari 2025

Susu,

Habari ya huko, na habari ya miguu yako.

Sio kimio. Tafadhali usimtume mtu Kitui.

Sauti ilianza kukwaruza mwaka jana. Nikadhani ni kazi, kila mtu pale soko alidhani ni kazi. Nani anaita kutwa nzima na koo lisichoke? Nilinunua tembe kwa duka la dawa, nikajifukiza mvuke, nikakaa kimya wiki nzima mpaka Wangoi akaanza kufurahia. Haikurudi. Mwishowe nikaenda hospitali kubwa. Wakaniingizia kamera nyembamba kupitia puani mpaka kooni, halafu siku nyingine wakanilaza wakatoa kipande kidogo wakipime. Jibu limetoka. Ni saratani ya koo, pale pale sauti inapotengenezewa.

Daktari aliniuliza maswali mengi. Unavuta sigara? Sivuti. Ulivuta zamani? Sijawahi. Pombe? Chang'aa? Muguka? Sitafuni, sinywi. Ulikulia nyumba ya moshi? Nikasema ndiyo. Akaandika. Halafu akarudia ya sigara, kama vile mara ya kwanza nilikuwa nimesahau. Kisha akauliza mambo ya wanawake, eti kuna virusi fulani vinavyopitia mapenzi vikaja kukaa kooni. Na Wangoi alikuwa ameketi hapo hapo. Susu, tangu siku hiyo ananusa makoti yangu. Asubuhi anatafuta moshi, jioni anatafuta marashi. Pasta naye amenishika bega akasema mlango wa toba uko wazi. Nikamnong'oneza, toba ya nini? Akasema mimi ndiye ninayejua.

Sasa hata mimi najichunguza. Nakaa pale juu ya mapazia nikikumbuka kila kitu nilichowahi kuweka mdomoni.

Wamenipa tarehe ya kurudi tupange upasuaji. Usiogope. Ni kitu kidogo.

Mulwa


Gatwekera
23 Februari 2025

Mulwa,

Barua yako imesomwa mara mbili. Mara ya kwanza sikusikia. Mara ya pili Filister alianza kulia nikamfukuza, halafu nikamwita arudi kwa sababu ndiye mwenye macho.

Sasa nisikilize. Nimeyageuza hayo maswali ya daktari huku na huku. Kama huo ni ugonjwa wa wavuta sigara na walevi, na wewe huvuti wala hunywi, basi ugonjwa si wako. Hiyo ni hesabu hata mbuzi anaiweza. Kuna mlevi mahali fulani Nairobi hii anatembea na karatasi yako safi ya majibu akiwaonyesha watu, na wewe umebebeshwa yake. Si huko wanaita watu kwa majina? Na akina Mulwa ni wangapi? Ukambani kila boma lina Mulwa wake, mengine yana wawili.

Niangalie mimi. Nimenusa ugoro tangu nilipoolewa, na nikichoka kunusa naubandika ndani ya mdomo. Pombe ya miwa nimeionja katika kila harusi ya Machakos. Moshi? Nani hakukulia kwenye moshi? Huyo daktari mwenyewe mama yake alimpikia kwa nini, kwa mwanga wa mwezi? Na koo langu ni filimbi. (Filister anasema ni honi ya lori. Aandike hivyo hivyo, nitamjua baadaye.) Kama wanahesabu makosa ya koo, waanzie kwangu.

Nakuuliza mara moja tu, na ukishanijibu sitarudia: unakunywa? Kama unakunywa sema. Sitakupiga sana.

Na kama hunywi, usiende hiyo tarehe. Usikubali kukatwa koo kwa sababu ya karatasi ya mtu mwingine. Waambie wamtafute mwenyewe.

Susu yako,
Kaveke


Kawangware
9 Machi 2025

Susu,

Sinywi. Naapa kwa mama.

Nilisoma barua yako nikacheka. Kucheka kwangu siku hizi ni mabega tu yanayoenda juu na chini. Nikampa Wangoi, naye akasoma, akakaa, akasema, "Susu yako amesema kitu." Ni mara ya kwanza tumekubaliana tangu ile siku ya maswali.

Tarehe ikafika, sikwenda. Walipiga simu kutoka hospitali, Wangoi akawaambia nimesafiri nyumbani. Susu, sijui nikwambie nini, nilijihisi mwepesi. Nilikuwa mtu aliyeshikwa kimakosa na sasa wamemwachilia.

Soko linaenda. Nimechora madirisha kwenye kadibodi, mteja anaonyesha kidole dirisha linalofanana na lake, namtolea pazia. Chakula kinapita nikikitafuna sana. Nikilala chali kuna mlio kidogo tu. Ian anasema baba amemeza paka.

Mulwa


Gatwekera
16 Machi 2025

Mulwa,

Paka gani?

Filister alipofika hapo aliacha kusoma akanitazama. Nyongesa naye nimembana mpaka akasema: Wangoi alimwambia siku hizi unalala umekaa, umeegemea ukuta. Mtu mwenye karatasi safi halali amekaa.

Sielewi. Kama karatasi si yako, mlio ni wa nani?

Naenda hospitali mwenyewe kumtafuta mwenye karatasi. Usinikataze. Barua ya kunikataza itakuta nimeshatoka.

Kaveke


Gatwekera
23 Machi 2025

Mulwa,

Nilienda Jumatano, ndiyo siku yao ya watu wa koo na shingo. Filister alinishika mkono. Tukakaa kwenye benchi refu limejaa watu. Nilipoona hakuna anayesema kitu, nikasimama nikauliza, "Nani hapa ni mlevi?"

Filister akajifunika uso kwa leso.

Jamaa mmoja akainua mkono kama mtoto wa shule. "Ni mimi, mama. Dalmas, fundi wa mawe. Sigara na chang'aa tangu nikiwa kijana. Unanitakia nini?"

"Nirudishie karatasi ya mjukuu wangu."

Akatoa ulimi nje. Mulwa, huo ulimi sitaki kukueleza. "Yangu iko hapa," akasema. "Ya koo sina, mama. Nikiipata nitakuletea." Benchi lote likacheka.

Basi nikawauliza mmoja mmoja. Kuna mwalimu wa watoto wa kanisani, hajaonja hata divai ya meza ya Bwana, kwao ni juisi. Yake iko nyuma ya pua. Kuna kijana wa chuo, shingo imevimba upande mmoja, amemezeshwa dawa za kifua kikuu miezi na miezi kumbe si hicho. Na kuna mama wa rika langu kutoka Mwingi, tukaongea Kikamba. Ana kidonda kwenye ufizi, pale anapoweka ugoro. Pale pale ninapoweka mimi, upande wa kushoto. Nikamuuliza, ulianza lini? Akasema, nilipoolewa. Kikebe changu sasa kiko juu ya kabati. Sijasema nimeacha. Nimesema kiko juu.

Nikamshika muuguzi mmoja kwenye mkono wa nguo. Nikamwambia: mwanangu, nieleze. Huyu anakunywa, anaumwa. Huyu hanywi, anaumwa. Mimi nafanya yote na siumwi. Akili yangu imeenda wapi?

Akasema, "Mama, anayevuka barabara amelewa hugongwa zaidi. Lakini hata aliyesimama kando akingoja hugongwa. Sisi tukiuliza maswali hatumtafuti mwenye makosa. Tunatafuta gari hutokea upande gani."

Nikasema, na karatasi je? Si mnaweza kuchanganya?

Akauliza, "Hiyo kamera, mama, iliingia koo la nani?"

Hapo nikakaa chini. Karatasi inaweza kupotea njia. Lakini koo uliingia nalo mwenyewe na ukatoka nalo mwenyewe.

Kuna kitu kingine. Pale mwisho wa benchi palikuwa na mzee aliyetuangalia tu. Dalmas alipochekesha, yeye alicheka bila sauti, na nikaona ana tundu shingoni, hewa inapita hapo. Nilidhani alichomwa kisu. Muuguzi akaniambia ndivyo inavyokuwa wakitoa kisanduku cha sauti. Mulwa, wewe uliniambia ni kitu kidogo.

Bado sielewi kwa nini wewe. Nimekaa na hilo swali mpaka kichwa kinauma. Lakini uvimbe haungojei mimi nielewe. Nilikwambia usiende, sasa nakwambia nenda, hata usingoje kunijibu.

Susu yako,
Kaveke


Kawangware
30 Machi 2025

Filister, tafadhali soma hii polepole, na usiruke kitu kwa kumhurumia.

Susu,

Nimerudi hospitali. Wameingiza kamera tena, na safari hii nikaomba nigeuziwe skrini nione mwenyewe. Ni koo langu. Uvimbe umekua, umebakisha njia ya hewa nyembamba kama mrija wa soda. Daktari hakunigombeza kwa kutoroka. Nikaona heri angenigombeza.

Tarehe mpya ni 15 Aprili. Wanatoa kisanduku chote cha sauti. Nitapumua kwa shingo. Kuna kifaa wengine huwekewa baadaye wakaweza kusema kidogo, lakini daktari hakuniahidi. Kabla ya hapo napaswa kuweka sahihi.

Sijaweka.

Wangoi anafikiri naogopa soko. Sio soko. Kadibodi inauza vizuri kuliko nilivyokuwa naita.

Ni wewe, Susu. Wangoi nitamwandikia, atasoma. Ian anajifunza herufi, atasoma. Wewe nikikuandikia, mdomo utakaosema ni wa Filister. Filister ni mtu mzuri na namshukuru, lakini kila jambo nitakalotaka kukwambia, nitakuwa nimemwambia yeye kwanza. Wewe ndiye uliyenilea. Kila kitu changu ulikisikia kutoka kwangu: shule nilipoacha, Wangoi nilipompenda, Ian alipozaliwa. Wakinikata, mimi na wewe tutabaki na mlango mmoja na ufunguo wake uko kwa jirani.

Kwa hivyo nimefikiria nibaki na hiki kidogo kilichopo. Asubuhi, kabla koo halijachoka, bado naweza kusema "Susu". Nimejaribu leo. Limetoka.

Mulwa


Gatwekera
31 Machi 2025

Mulwa, mjinga wangu,

Hii Filister anakuletea mwenyewe. Nyongesa ana miguu ya matembezi, na hii haingoji.

Amesoma polepole kama ulivyotaka. Alipomaliza akasema eti atanifundisha kusoma. Nikamwambia aache mchezo. Macho yangu hayaoni hata omena zake, na shule ya gumbaru nitakayomaliza mimi ni ya mbinguni. Usinisubiri nisome. Utakufa ukinisubiri.

Sasa nikwambie kitu usichoweza kukumbuka. Mama yako alikufa ukiwa na meno mawili. Uliletwa kwangu huna neno hata moja, na ukakaa hivyo. Watoto wa rika lako wakaanza kusema, wakaimba, wakatukana, wewe kimya. Watu wa plot wakasema mtoto wa Kaveke ni bubu. Ulikuwa unakaribia miaka mitatu ulipofungua mdomo, na neno la kwanza lilikuwa "hapana".

Unafikiri hiyo miaka yote mimi na wewe tulikuwa hatuongei? Tuliongea mpaka tukagombana! Nilijua kilio cha njaa na kilio cha kiburi. Ukivuta sikio nilijua ni usingizi. Ukitazama mlango bila kulia nilijua kuna mtoto wa jirani amekuchokoza, na nilitoka nje kumtafuta. Sikukosea hata siku moja. Sawa, Filister, usinitazame hivyo, nilikosea. Siku moja nilikulisha uji kutwa kumbe mdudu ameingia sikioni. Ukaniuma kidole ndipo nikashika. Lakini hukufa na mimi sikukuacha.

Hilo "Susu" unalolichunga kama yai, nimelisikia. Nimelisikia mpaka limejaa humu ndani. Sihitaji lingine. Ninachotaka kwako ni pumzi. Hiyo ndiyo sina mahali pa kuiweka akiba.

Weka sahihi. Ukikataa nitakuja na hivi viguu vyangu nibonyeze dole gumba mahali pa sahihi yako, maana hilo ndilo andiko langu, na daktari atanieleza mbele yangu kwa nini halifai.

Susu yako,
Kaveke


Kawangware
24 Aprili 2025

Susu,

Ni mimi, Wangoi.

Yuko hai. Nimeanza na hilo ili Filister asikushtue na sauti yake.

Aliweka sahihi asubuhi ile ile barua yenu ilipofika. Alinipa karatasi bila kuniangalia, akaenda kuvaa viatu. Upasuaji ulichukua kutwa. Anapumulia shingoni, analishwa kwa mrija wa puani, amevimba uso. Wanasema wametoa uvimbe wote waliouona, na kidonda kikishapona watamchoma kwa miale.

Jana alitaka kitu. Alipiga kitanda kwa kiganja. Nikamletea maji, mto, kalamu. Akasukuma vyote, mpaka akatokwa na machozi kwa hasira. Nami nikalia. Nesi akaja akafungua dirisha, kumbe ni hilo tu.

Susu, mimi nimekaa naye miaka kumi na sikujua ni dirisha. Sijui tutaishi namna gani.

Makoti yake nimeyafua yote. Nilikuwa na akili gani?

Wangoi


Gatwekera
Jumapili, 6 Julai 2025

Mulwa wangu,

Filister ananishangaa. Anasema, jana alikuwa hapa kutwa, leo unamwandikia nini? Nimemwambia aandike.

Uliingia na kitambaa chako shingoni, umekonda kama fito. Nikakupigia kelele za salamu mpaka majirani wakatoka nje, kwa sababu nilisahau kwamba kilichoondoka ni sauti, si masikio. Filister alitaka kuleta kalamu nikamfungia mlango. Tukakaa wawili.

Mulwa, tusidanganyane. Ulionyesha sufuria, nikakuletea maji, ulitaka chumvi. Ukachora duara hewani, nikasema Ian, ukatikisa kichwa, nikasema mpira, ukatikisa, nikasema basi ni mwezi, ukacheka mabega mpaka nikaogopa kidonda. Hadi leo sijui lilikuwa duara la nini. Niliyopata ni machache kuliko niliyokosa. Nilijisifu kwako kwenye barua, na uzee umenichekelea. Wangoi usimwambie, au mwambie, labda atapata nguvu.

Lakini nilichoandikia ni ile ishara ya mwisho, pale mlangoni. Ulichukua mkono wangu ukauweka penye kitambaa. Nikasikia hewa inaingia na kutoka kwenye kiganja, ya moto, kama ya ndama. Kisha ukagusa kifua chako, ukagusa changu, ukageuza mkono juu chini, ukaenda.

Nimekaa na hiyo tangu jana. Kwanza nikafikiri unasema nikapimwe ufizi. Halafu nikafikiri umechoka. Filister anasema, "Si ni asante tu, mama?" Filister hajakulea.

Mimi nasema ulikuwa unaniambia unaogopa. Jumatano ndiyo unarudi kuangaliwa baada ya ile miale, kujua kama kuna kilichobaki. Kwa hiyo Jumatano nitakuwa kwenye lile benchi kabla yako, nimekuwekea nafasi kwa mkoba wangu, na atakayeuliza nitamjibu.

Kama nimekosea, usiniandikie. Njoo unionyeshe tena.

Susu yako,
Kaveke